Salmoni bila kitunguu wala saumu anapikikaje? Mgonjwa wa tumbo yuko daieti ya FODMAP

MamaUyole
Habari za jioni wapendwa. Mume wangu tumbo linamtesa, gesi, kujaa, leo anaharisha kesho choo hakitoki, kapimwa mwisho wakasema ni IBS, ule ugonjwa wa utumbo kusumbua mara kwa mara, akapewa daieti ya kupunguza FODMAP. Yaani kitunguu hakuna, saumu hakuna, maharage, ngano, maziwa, nikaangalia jikoni nikaona nimebaki na chumvi tu. Sasa wifi katoka Dar kaniletea vipande vya salmoni vya friza na bei yake naijua, naogopa kuviharibu. Bila kitunguu si atanuka shombo jamani? Na vikiisha nafanyaje, Mbeya hii salmoni kila wiki natoa wapi hela.

mpishi_Forest
Pole dada. Samaki mwenyewe hana FODMAP, zile ni aina fulani za wanga na sukari zinazochacha utumboni, samaki ni protini na mafuta. Kinachomuumiza mzee ni tunavyomwekea juu.

Mhamishie kwenye friji usiku ayeyuke taratibu, asubuhi mkaushe kwa tishu hasa upande wa ngozi, ngozi ikiwa na maji itang'ang'ania kikaango utalia. Chumvi, pilipili manga, tangawizi, ndimu, shombo haisogei hapo. Moto wa wastani, mafuta kidogo, ngozi chini halafu usimguseguse!! Mwangalie ubavuni, rangi inafifia kuanzia chini inapanda juu, ikipita nusu ya unene vizuri mgeuze kidogo tu utoe. Ukiona ute mweupe kama wa yai unatoka kwa wingi ujue moto umezidi, anakauka. Bonyeza na uma, nyama ikiachia vipande vipande kaiva.

Harufu ya saumu mnaweza kuipata, kaanga punje kwenye mafuta kwa moto mdogo zikinukia zitoe ZOTE utupe, pikia yale mafuta. Ile sukari ya kwenye saumu inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Ndo maana kwenye mchuzi ujanja huo haufai, hata ukitoa vipande imeshabaki humo. Na mafuta hayo yatumie siku hiyohiyo, usiweke kwenye chupa kabatini, saumu ndani ya mafuta huwa inaotesha bakteria wenye sumu mbaya. Kitunguu tumia majani ya kijani tu, ile sehemu nyeupe hapana.

wa_Kyela
Salmoni wa nini na Matema ipo, chukua mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa. Wenzetu wa Malawi kwa Kiingereza wanamwita salmoni wa ziwa, na kweli anapanda mito kwenda kutaga. Miiba tu ndo uwe nayo makini. Wali wa Kyela pembeni, mchele hauna shida kwenye hiyo daieti.

Mnyalukolo_wa_Mafinga
Jina tu hilo mkuu, mbasa hana undugu na salmoni. Ndugu wa damu wa salmoni ni trauti, wazungu walimleta, huku Mufindi yupo kwenye mito ya baridi. Upishi ni uleule ila mwembamba huyo, ukienda kupokea simu tu kaungua.

MamaUyole
Asanteni sana, ndaga fijo. Parachichi je? Yamejaa hapa ya Rungwe.

mpishi_Forest
Parachichi kwa sasa aliache, najua inauma ukikaa Mbeya 😂 Ugali sawa, viazi mviringo sawa, karoti sawa, ndizi iliyoiva sana hapana. Ila dada hii daieti sio ya maisha. Walioianzisha ni Chuo Kikuu cha Monash kule Australia, na wanasema unakata vyote wiki 2 mpaka 6 halafu unarudisha kimoja kimoja uone kipi hasa kinamsumbua, unaweza kukuta maharage ndo adui na parachichi halina neno. Arudi kwa aliyempa wapange naye, watu wanakata moja kwa moja wanabaki kukonda bure. Na vile vidonge vya supu na viungo vya pakiti soma nyuma kwanza, vingi vina unga wa kitunguu.

MamaUyole
Haya, kidonge cha supu kishatoka kabatini. @wa_Kyela anayeleta mbasa huku Uyole ni nani, nicheki PM, nataka mbichi sio wa kukausha.