Treni mbili za LEGO zipishane zenyewe: Pybricks, ESP32 au reli za volti 9?

SignaliNyekundu
Wakuu, tulinganishe. Mpangilio: mzunguko mmoja wa mviringo, kona 16 na reli nyoofu 16, pamoja na kituo chenye njia mbili na pointi mbili (reli za kuchepushia treni), ya kuingilia na ya kutokea. Treni ni seti namba 60197 ya abiria na 60198 ya mizigo, zote za Powered Up (mfumo wa LEGO wa mota na maboksi ya betri yenye Bluetooth). Moja isimame kituoni huku nyingine ikizunguka, ikirudi isimame, ndipo ya kwanza itoke. Njia ninazopima ni tatu:

1. Pybricks (programu ya kuendesha boksi kwa Python, inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani) ndani ya boksi la betri la treni, sensa ya rangi ikiwa tumboni mwa treni.
2. ESP32 (bodi ndogo ya kuprogramu yenye Bluetooth) moja kando ya reli, inaamuru treni zote kwa Bluetooth. Sensa ziko relini.
3. Reli za chuma za volti 9 na Arduino (bodi nyingine ya kuprogramu).

ekseli_mbili
Pybricks ndiyo yenye waya chache kuliko zote. Boksi la betri la 88009 lina matundu mawili tu: mota kwenye A, sensa ya rangi ya 88007 kwenye B, basi. Unalaza vigae vya rangi katikati ya reli, treni inajua yenyewe pa kupunguza mwendo na pa kusimama.

Rangi usiziamini kama zilivyo. Pitisha treni polepole juu ya kila kigae, soma namba za HSV (aina ya rangi, ukolevu na mwangaza), usome pia mataruma matupu, kisha uzisajili kama rangi zako mwenyewe. Urefu wa kigae nao una hesabu yake: kwa mwendo wa sentimita 50 kwa sekunde, kigae cha vinundu 2 (milimita 16) kinapita chini ya sensa kwa milisekunde 32 tu, na hapo ndipo watu wanalalamika kwamba sensa "inaruka" alama. Weka vinundu 8, utapata milisekunde 128.

Jambo la pili ni betri. Zikishuka nguvu, mwendo unashuka na treni inasimama kabla ya pale uliposimamia jana. Programu isome volti za betri, izidishe asilimia ya nguvu kwa 7200 (milivolti za kulinganishia) kisha igawanye kwa milivolti zilizosomwa. Mstari mmoja tu wa programu, na tofauti inaonekana.

Volti_Tisa
Namba 3 ina raha yake, umeme uko relini na hakuna betri za kuchaji. Ila LEGO waliacha mfumo huo miaka ya 2000 na treni ulizo nazo hazina mota yake, kwa hiyo utaanza upya. Treni mbili kwenye reli moja zinapokea umeme uleule. Lazima njia za kituo zitengwe kwa utepe mwembamba wa kuhami kwenye viungio vya chuma, kila kipande kipewe kiendesha mota chake. Usichukue kiendesha mota cha L298N, kinakula volti 2 hivi njiani. TB6612FNG inatosha. Na njia ikijipinda na kurudi kujiunga nayo yenyewe, reli ya kushoto inakutana na ya kulia: shoti.

Kwa mtu mwenye Powered Up tayari, mimi mwenyewe nisingemshauri.

fundi_mataruma
Mkuu Signali, usiangalie kwanza bodi. Angalia uamuzi unafanyikia wapi. Kwa treni moja inayokwenda na kurudi, ekseli_mbili yuko sahihi kabisa. Kwako treni mbili zinagombea mstari mmoja na kuna pointi za kusogeza. Matundu mawili ya boksi yameshaisha kwa mota na sensa. Utahitaji boksi la tatu kwa ajili ya pointi, kisha maboksi yote yatangaziane hali kwa Bluetooth. Inawezekana, lakini kosa likitokea utalitafuta katika programu tatu. Chukua namba 2.

Kwa mpangilio wako kila treni inarudi kwenye njia yake ileile, hivyo pointi mbili huenda pamoja daima. Servo mbili (mota ndogo zinazogeuka hadi nyuzi unazozitaja), amri moja. Sensa ni tatu: S1 mwisho wa njia ya kwanza, S2 mwisho wa njia ya pili, S3 kabla ya pointi ya kuingilia ili treni ipunguze mwendo. Hakikisha kwamba treni ikisimama S1 au S2, behewa la mwisho limeshaivuka pointi.

Legoino, maktaba ya programu ya ESP32, inaunganisha ESP32 na maboksi yakiwa na programu yake ya kiwandani, hakuna cha kufuta. Mtego mmoja: ukiacha iunganishe lolote inaloliona, boksi litakalowashwa kwanza ndilo litakuwa "treni A". Andika anwani ya Bluetooth ya kila boksi ndani ya programu.

Kikomo cha muda kisikosekane. Kona 16 ni duara la nusu kipenyo sentimita 32, yaani mita 2 hivi. Nyoofu 16 za sentimita 12.8 ni mita 2.05. Jumla mita 4, sekunde 8 kwa mwendo wa sentimita 50 kwa sekunde. Sekunde 12 zikipita bila S3 kuguswa, simamisha vyote: treni imeanguka au betri imekwisha.

SignaliNyekundu
Nimeelewa, namba 2. Sensa gani basi? Nina TCRT5000 (ya mwanga wa infraredi) na A3144 (ya kuhisi sumaku).

fundi_mataruma
A3144 na sumaku ndogo chini ya injini. TCRT5000 inasumbuliwa na jua la dirishani.

Angalizo la A3144: inataka volti 4.5 kwenda juu, ESP32 ni ya 3.3. Ipe 5 kwenye mguu wa umeme, lakini rezista ya kiloomu 10 ya mguu wa kutolea ivutwe kwenye 3.3, mguu huo hushusha tu, hautoi volti. Inaitikia ncha ya kusini ya sumaku peke yake, kwa hiyo ikikaa kimya geuza sumaku kwanza kabla ya kulaumu programu. Viungo vya mabehewa navyo vina sumaku, vitaiamsha mara kadhaa kila treni ikipita. Isogeze sensa karibu na reli ya upande mmoja, sumaku ya injini upande huohuo, na programu ipuuze S3 kwa sekunde 3 baada ya mguso wa kwanza.

kiwiko
Naongezea servo. Servo mbili za aina ya SG90 zisilishwe na pini ya bodi, zikikwama zinavuta umeme mwingi, ESP32 inajizima na kuwaka upya katikati ya safari. Tumia adapta ya volti 5, ampia 2, kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na servo, na hasi zote ziungane.

Anza nyuzi 90, sogeza nyuzi 2 kwa wakati hadi ulimi wa pointi uruke, ongeza 2 nyingine, acha hapo. Pointi ya LEGO ina springi inayoushika ulimi pande zote mbili, hivyo baada ya milisekunde 400 kata mawimbi ya servo. Servo ikiendelea kutoa mlio, ujue inasukuma kitu kisichosogea. Unganisha kwa waya wa chuma wa milimita 1 uliokunjwa Z ili uwe na ulegevu kidogo. Ukiwa mgumu kabisa na treni ikatokea upande ambao pointi haijawekwa, magurudumu yanashindwa kuusukuma ulimi na behewa jepesi linapanda juu ya reli. Kwa hiyo amri ya servo itangulie, subiri nusu sekunde, ndipo mota iwashwe.