Fedha za utafiti wa matibabu ya wasio na uwezo: zitoke wapi, zitafiti nini?

Mleta mada
Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi hospitali. Ana miaka 67, anauza mchicha, bima hana. Sera ya Tanzania inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Dirishani wakataka barua ya mtendaji, tukaitoa. Dada wa ustawi wa jamii akaigeuzageuza, akasema kwa upole: mhuri upo, tarehe haipo, mrudi nayo kesho. Shangazi akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akasema twende zetu. Nauli yake kwenda na kurudi ni elfu nane. Alirudi baada ya wiki mbili, mguu umevimba.

Tangu uchangiaji wa huduma, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, uanze mwaka 1993, msamaha wa maskini umesimama juu ya karatasi kama ile. Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na swali ni lilelile: nani hana uwezo, na nani wa kuthibitisha? Naona serikali itenge fedha za ndani kutafiti hilo tu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ghafla, tukaona miradi inavyofungwa. Jambo la shangazi yangu lisingoje mfadhili.

Muuguzi wa zahanati
Pole kwa shangazi. Ila wiki jana tu nimewaandikia watu dawa za presha wakanunue dukani kwa sababu kabati letu ni tupu. Watafiti wanakuja na madodoso, tunajaza hadi jioni, wanaondoka, majibu hatuyaoni. Hizo fedha nunueni dawa.

Mleta mada
Dada, uchungu wako naujua. Lakini kumbuka Rufiji na Morogoro Vijijini, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, walianza kwa kuhesabu watu wanakufa kwa nini, nyumba kwa nyumba, kisha wakalinganisha na bajeti ya wilaya. Ikaonekana malaria inaua kuliko yote lakini inapewa fungu dogo. Bajeti ikapangwa upya, na nyongeza yenyewe ilikuwa kama dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Dawa ilifika penye ugonjwa kwa sababu kuna mtu alilipwa kuhesabu.

Mzee wa Tabora
Mimi naongeza la Igunga, wilaya ya huku kwetu. CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianzia pale 1996 kwa majaribio, sheria ikaja 2001. Kulikuwa na tele kwa tele: kaya ikichangia, serikali inaongeza kiasi hichohicho. Ukifikiri haraka ni haki tupu. Lakini wilaya yenye wachangiaji wengi ndiyo iliyovuta fedha nyingi, na kaya isiyo na kitu haikuvuta hata senti. Kanuni ya namna hiyo ipimwe mapema, kabla haijasambazwa nchi nzima.

Jirani kutoka Kenya
Huku kwetu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na kazi rasmi anaulizwa maswali ya nyumba yake na mali aliyo nayo, kisha mtambo unampangia, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, na alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Mama mboga anauliza kwa nini amepangiwa kiasi kikubwa kuliko jirani yake, na wa kumjibu hapati. Mkifanya utafiti, hilo swali lake liwe la kwanza.

Mleta mada
Hapo ndipo penyewe. Na kwa dada muuguzi naongeza sharti: fedha ya umma ikilipia utafiti, majibu yarudi kwenye zahanati ileile iliyojaza dodoso, kwa Kiswahili, na kamati ya kituo iyasome kabla fungu la mwisho halijalipwa. Tena mtafiti asianzie dirishani. Aanzie kwa mtendaji, ahesabu wangapi waliomba barua, wangapi waliipata, wangapi waliishia njiani. Wale wa njiani hawamo kwenye daftari la hospitali yoyote.

Muuguzi wa zahanati
Hilo la majibu kurudi nakubaliana nalo. La kabati tupu bado hujanijibu.