Programu ya kuendesha kongamano la wanafunzi: tuandike yetu au tuchukue iliyopo?

fundi_kikoni
Habari zenu wakubwa. Chama chetu cha wanafunzi wa kompyuta hapa Kampala kinaandaa kongamano la teknolojia muhula ujao, siku mbili, na wageni kutoka Mbarara na Gulu. Kiingilio ni shilingi 15,000. Mara iliyopita watu walijisajili kwa fomu ya Google, wakatuma pesa kwenye simu ya mweka hazina, kisha wakapiga picha ya ujumbe wa malipo na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp. Mweka hazina alikesha akilinganisha majina na hayakulingana, maana laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mama au la kaka. Langoni foleni ilitoka mpaka barabarani.

Sasa sisi tunaojua Django (zana ya Python ya kuundia tovuti) tunataka kuandika mfumo wetu wenyewe: usajili, malipo ya MTN na Airtel, tiketi za QR, mada za wazungumzaji, ratiba, vyeti. Wenzetu wengine wanasema tuchukue pretix basi, ile programu iliyopo ya kuuza tiketi. Mimi naona hapa ndipo tutakapojifunza kazi. Mliowahi kufanya mnasemaje?

dada_wa_seva
Mdogo wangu, hongera kwa kuanza mapema. Nimeendesha mifumo ya namna hiyo kwa wanafunzi huku Mbarara. Andikeni malipo na lango. Mengine chukueni yaliyopo.

Pretix yenyewe imeandikwa kwa Django, ni programu huria, mnaiweka kwenye seva yenu, na inakubali kuongezewa njia mpya ya malipo. Kwa mada za wazungumzaji ipo pretalx, nayo ni Django. Mkitumia miezi kuandika fomu za usajili, mtakuwa mmeandika kitu ambacho wenzenu walishakimaliza, na malipo mtayafanya wiki ya mwisho kwa haraka. Huko ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Chukua mfano wa API ya MTN MoMo, yaani njia ya mfumo wenu kuzungumza na huduma ya pesa za simu ya MTN. Mfumo unatuma ombi, simu ya mlipaji inaletewa ujumbe aweke namba ya siri. Jibu lenye namba 202 ambalo seva ya MTN inawapa papo hapo linasema ombi limepokelewa, pesa bado. Lazima mrudi kuuliza mpaka hali iwe SUCCESSFUL (yamefaulu) au FAILED (yameshindikana). Hapo katikati mwanafunzi anaona ukurasa umetulia tu, anabonyeza tena, anakatwa mara mbili. Shilingi 15,000 ni chakula cha siku kadhaa Wandegeya, msimfanyie mtu hivyo. Kabla ya kutuma ombi, hifadhini UUID (namba ndefu isiyojirudia) mliyoitengeneza wenyewe kama namba ya rejea, na ombi la pili kwa tiketi ileile likataliwe mpaka la kwanza lijulikane limeishia wapi. Tiketi ifungwe kwenye rejea hiyo, si kwenye jina la mlipaji. Hata mama akilipa akiwa Soroti, tiketi inamfikia mwanawe.

Mazingira ya majaribio ya MoMo yanatumia EUR (yuro) badala ya shilingi, kwa hiyo sarafu iwekeni kwenye mipangilio, isiandikwe ndani ya msimbo. Na mweka hazina aanze leo kukusanya nyaraka za chama, maana akaunti ya kupokea pesa halisi haifunguliwi kwa maneno.

fundi_kikoni
Asante sana dada. Kuhusu lango: tulitaka kila QR iwe na sahihi ya kidijitali, simu ya mlinzi iithibitishe hata intaneti ikikatika. Tutakuwa na malango mawili.

dada_wa_seva
Sahihi inathibitisha kwamba tiketi ni yenu. Haisemi kama imeshatumika. Mtu akimtumia rafiki picha ya tiketi, mmoja akapita kushoto na mwingine kulia, simu zote mbili zitawakaribisha. Malango lazima yazungumze.

Na hayahitaji intaneti kuzungumza. Wekeni laptopu moja yenye orodha yote, ruta ndogo, na simu za walinzi ziunganishwe na ruta hiyo. Kuhifadhi orodha, SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, inawatosha kabisa. Laptopu ina betri yake, ruta haina, kwa hiyo itafutieni UPS ndogo (betri ya akiba) kabla umeme haujawakumbusha.

Kuna mtego mmoja: kivinjari cha simu hakifungui kamera kwa ukurasa usio wa HTTPS, yaani usio na muunganisho salama unaothibitishwa kwa cheti cha usalama, na anwani ya mtandao wa ndani kama 192.168 haina cheti hicho. Jina la kikoa chenu (anwani ya tovuti yenu) lielekezeni kwenye anwani hiyo ya ndani, cheti chake mkipate kwa uthibitisho wa DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), halafu huduma hiyo ya majina iwe ndani ya ruta yenyewe. Jaribuni mkiwa mmechomoa intaneti kabisa.

Kwa wenye simu zilizozima, kila tiketi iwe na msimbo mfupi wa kuandika kwa mkono, bila herufi O wala sifuri.

kaka_wa_arua
Naongeza la sheria. Mnakusanya majina, namba za simu, pengine na namba za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu hata kama ni chama tu. Someni masharti ya kujisajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Wadhamini watawaomba orodha ya namba za simu. Kama mwanafunzi hakuambiwa alipojisajili na akakubali, wanyimeni.

fundi_kikoni
Mdhamini mmoja ameshaiomba kweli. Nitamjibu leo.

Nimekaa na wenzangu jioni hii. Tunachukua pretix, kisha wawili wataandika kiungo cha MoMo na wawili tunashika lango. Airtel je, dada, tuiunganishe kwa pamoja na MTN?

dada_wa_seva
Hapana, ifuate. Maliza MTN mpaka malipo yaliyokwama katikati yashughulikiwe vizuri, halafu Airtel iwe kiungo cha pili chenye umbo lilelile. Wenye laini za Airtel wakati huo walipie mezani, mhudumu awaingizie tiketi papo hapo. Ukikwama kwenye cheti cha ruta, niandikie hapahapa.