Nimelipa 450,000 nijifunze kuongea Kiingereza, leo wiki ya saba sijafikisha hata dakika tano za kuongea

Wakuu habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiutupe kule kwenye vichekesho, najua kuna watakaocheka ila mimi sicheki, hela imeniuma.

Kuna chuo kikuu kimoja hapa Dar, jina naliacha, wenyewe wakipita hapa watajijua. Wana kozi ya Kiingereza ya jioni kwa watu wazima ambao ngeli haipandi. Kipeperushi chao kizuri balaa, watu wamekaa mduara wanacheka, chini kimeandikwa miezi mitatu tu unamwaga ung'eng'e, darasa haizidi wanafunzi 20. Nikapewa kontrol namba ya kulipia, nikalipa 450,000 yote kwa mkupuo maana walisema ukilipa nusu hupati kitambulisho.

Niwaeleze kwanza kwanini nilienda, msije mkasema mtu mzima hovyo unatafuta nini darasani. Mimi niko kwenye mambo ya kutoa mizigo bandarini, mwaka wa tisa huu. Kusoma makaratasi ya Kiingereza naweza, barua pepe naandika, nikikwama nakopi ya zamani nabadilisha namba. Shida simu. Mwaka jana nikaongea na mtu wa kampuni ya meli, muhindi yule, anaongea kama anakimbizwa, nikamuuliza siku za bure za kontena zinaisha lini akaniambia tarehe "thirteenth", mimi nikasikia "thirtieth". Nikatulia zangu. Kuja kushtuka kontena mbili za futi 40 zimekula demereji (ile tozo ya kupitiliza siku za bure) zaidi ya wiki, na demereji wanahesabu kwa dola na kwa siku. Bosi hakunifukuza, alinikata mshahara kidogo kidogo mpaka nikaomba poo. Sasa mtu kama mimi anahitaji nini? Anahitaji masikio na mdomo, basi.

Siku ya kwanza naingia darasani nahesabu vichwa, 58. Viti 40 na ushee, wengine tunabeba viti toka darasa la jirani. Ticha anaingia, anafungua kabrasha la fotokopi lililochoka mpaka maandishi ya pembeni yamekatika, anaanza kutusomea, "A noun is a name of a person, place or thing", tuandike. Tumeandika wakuu. Wiki ya kwanza noun, wiki ya pili pronoun, hivi ninavyoandika tuko kwenye adverb na daftari langu la pili limeisha. Hivi vitu tulisoma fomu wani! Tatizo letu wote tuliopita shule za kayumba, za serikali, ni hilo hilo, la saba unasoma kila kitu kwa Kiswahili, Januari unaamka fomu wani baiolojia kwa Kiingereza, unakariri unapita, grama unaijua kichwani mdomo mzito. Halafu unalipa tena hela yako ukubwani wanakurudisha kwenye kukariri kule kule.

Nilipiga hesabu siku moja ticha alipokuwa anaandika ubaoni. Kipindi ni saa mbili, dakika 120, gawa kwa watu 58. Hata ticha akinyamaza kimya kabisa tuongee sisi tu kwa zamu, kila mtu anapata dakika mbili. Na ticha hanyamazi. Mimi toka tumeanza nimejitambulisha jina na kazi, nimesoma zoezi moja kwa sauti, basi.

Kuna dada nesi tunakaa naye benchi moja, anataka kwenda kufanya kazi Uingereza. Baraza la wauguzi la kule linataka apate 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, kuandika 6.5, huo mtihani wa Kiingereza unaoitwa IELTS. Kwenye kuongea wanakupa kikadi chenye mada, dakika moja ya kujipanga, halafu unaongea peke yako mpaka dakika mbili mtu anakukodolea macho. Kamuomba ticha wafanye hata mara moja kwa mfano, akajibiwa hiyo ni kozi nyingine ina ada yake. Sasa anajirekodi kwenye simu akiwa kwenye mwendokasi, watu wanamwona kama kachanganyikiwa.

Na mambo ya ngazi ndiyo usiseme. Tulifanyishwa testi ya kupangwa, maswali 40 ya kuchagua, majibu yakabandikwa kwa ngazi kuanzia ya chini, huyu A1, yule A2, mimi B1. Nikaona aah hawa wako siriasi. Kumbe wametupa herufi tu, wote chumba kimoja! Mtu asiyejua kusema anaitwa nani kakaa na jamaa ana digrii, huyu anachoka yule hashiki kitu. Halafu nikapekua mtandaoni, Cambridge wenyewe, wale wa mitihani ya Kiingereza, wanakadiria kupanda ngazi moja ni kama saa 200 hivi za kufundishwa. Kozi yetu ni wiki 12, siku tatu kwa wiki, saa mbili mbili. 72 hiyo. Toka sifuri mpaka ung'eng'e kwa saa 72, na hapo toa siku ambazo ticha hatokei. Nimeziandika nyuma ya daftari, ziko tano.

Ila kilichonitoa kabisa kwenye reli ni cha yule mama. Ana vitenge vyake Kariakoo, umri kama wa mama yangu mdogo, anakaa mbele kila siku, miwani yake kaifunga na kamba. Siku hiyo ticha sijui aliamkaje akasema kila mtu aseme sentensi moja ya familia yake. Mama kasimama, kashika daftari, "My husband, she is a driver." Ticha, badala ya kumrekebisha, kwa Kiswahili kabisa, "Kwani mama umeolewa na mwanamke mwenzio?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nilicheka sikatai. Mama akakaa, akafunga daftari, akalitia kwenye mkoba, akaushika ule mkoba mapajani mpaka kipindi kinaisha. Hajarudi.

Sasa jamani, sisi mume ni yeye, mke ni yeye, mtoto yeye, hata ukimsema bosi ni yeye. Hilo kosa ni la kila Mswahili duniani, ticha wa watu wazima anatakiwa alijue kabla hata hajanunua chaki. Na anatukana mtu aliyelipa!

Nisiwe mchoyo, jioni moja ticha akaleta dada mmoja kijana amshikie kipindi. Huyo dada akaandika "ship" na "sheep", akasema Kiswahili kina irabu tano tu ndiyo maana masikio yetu yanasikia kitu kimoja, sheep vuta mdomo kama unatabasamu, ship legeza taya na ukate haraka. Tukasemezana wawili wawili, kelele mpaka mlinzi akachungulia. Mimi mtu wa bandari nimekuwa nawaambia watu nasubiri kondoo toka Mombasa miaka tisa! Nusu saa tu ile, nimeshika mpaka leo. Hatukumuona tena, nasikia kamaliza mkataba.

Tukaenda ofisini watu sita. Mratibu yuko safari. Sekretari anasema ada hairudishwi, angalia nyuma ya fomu, na malalamiko yaletwe kwa maandishi, kwa Kiingereza. Nikadhani anatania. Hatanii.

Natoka kazini saa kumi na moja, nafika darasani jasho linanitoka, nashuka Rangi Tatu karibu saa nne usiku watoto wameshalala, nimebeba nini? Adverb.

NYONGEZA: wanaosema niangalie video za bure, naangalia ndugu zangu, ila video hainijibu. Na wewe unayesema tuongee wenyewe tu kwa wenyewe, ndicho tunachofanya, toka juzi tuko nane tunakaa kwenye ngazi za nje baada ya kipindi tunaiandika hiyo barua ya malalamiko na marufuku Kiswahili, hata yule mama tumempigia kasema atafikiria.

Naulizia vitu viwili. Kuna mtu amewahi kurudishiwa hela aliyolipa kwa kontrol namba, na unaanzia kwa mhasibu au kwa mratibu? Pili, barua inaenda Jumatatu na tumegawanyika nne kwa nne, kwenye "one of the teachers" inafuata "has" au "have"? Anayejua kwa uhakika aseme, wa kubahatisha pita kimya.