Walimu wa vijijini Tanga tunaletewa matangazo ya fursa yakiwa yameshakufa. Nani anayakalia?

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mishahara wala ule wa uhamisho. Hili ni suala lake peke yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkoa wa Tanga. Halmashauri siitaji. Mkoa una halmashauri 11, kila mmoja abaki na wasiwasi wake. Itoshe kusema kwamba ukitoka stendi ya Kange asubuhi na mapema kuja shuleni kwangu, utapanda gari, utashuka, utapanda bodaboda, na kama ni masika bodaboda atakushusha kabla ya mto akwambie "mwalimu, hapa mwisho wangu".

Ijumaa moja jioni grupu la WhatsApp la shule likaita. Mkuu wa shule katuma picha ya barua. Picha imepigwa kiupande, barua imelazwa juu ya kitambaa cha meza cha maua, na kwenye kona ya chini kidole gumba cha aliyepiga kimefunika nusu ya orodha ya nakala. Lakini muhuri wa masijala unasomeka bila shida: IMEPOKELEWA, tarehe 3. Barua inawataka walimu wote wenye nia ya kwenda masomoni wawasilishe majina, nakala za vyeti na barua ya chuo, waingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Siku ya mwisho tarehe 17. Siku iliyotufikia sisi, tarehe 19. Chini ya picha mkuu kaandika maneno mawili: "Kwa utekelezaji."

Utekelezaji wa nini sasa? Wa kurudisha kalenda nyuma?

Kwa wale ambao si watumishi, mpango wa mafunzo si karatasi ya mapambo. Mwalimu ukitaka kwenda kusoma, jina lako linatakiwa liwe kwenye mpango huo, mwajiri akupe ruhusa kwa maandishi, na kama kuna senti yoyote ya kukusaidia itatoka kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Usipokuwemo, ruhusa hakuna. Ukijifanya mjanja ukasoma kimyakimya kwa fedha yako, siku unayoomba kubadilishiwa muundo, yaani upandishwe ngazi na mshahara kwa elimu mpya, unaulizwa: barua ya ruhusa iko wapi? Shahada unayo mkononi, ada umelipa kwa kuuza mbuzi, na mshahara uko palepale pa stashahada. Halafu mtu anakuona umenuna anasema walimu hawana wito.

Nilichokuwa nakitaka ni kozi ya uongozi na usimamizi wa elimu pale ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, Bagamoyo. Si Ulaya jamani! Bagamoyo! Tunapita Msata, tunakata kushoto, tumefika. Chuo hakina siri, kozi zake zinajulikana na mlango wake uko wazi. Mlango uliofungwa ni wa kwetu huku.

Jumatatu nikaenda makao makuu ya halmashauri mwenyewe. Kabla ya kuingia ofisini nikapita kwenye ubao wa matangazo, ule wenye kioo na kufuli. Ndani kuna tangazo la zabuni la zamani limegeuka njano, ratiba ya chanjo, na mkataba wa huduma kwa mteja unaoniahidi nitahudumiwa kwa wakati na kwa lugha nzuri. Barua yetu haimo. Nikaingia. Afisa, kijana tu, hata hakunivunjia heshima, akaniambia: "Mwalimu, mpango umeshafungwa na umeshapelekwa mbele. Mwakani uwahi."

Niwahi. Mimi ndiye wa kuwahi!

Nikampigia mwenzangu tuliyesoma naye Chuo cha Ualimu Korogwe, yeye anafundisha shule ambayo ukipiga kengele ofisi za halmashauri zinasikia. Akacheka. "Hiyo? Sisi tuliambiwa mapema sana, tena kwa simu. Kwani wewe hujaambiwa?" Hakunikebehi, alishangaa kweli. Kwake yeye hivyo ndivyo taarifa zinavyosafiri: mtu anapiga simu.

Na hapo ndipo penye ugonjwa, wakuu. Mtaniambia ni uzembe wa mtu mmoja, au barabara mbovu, au mtandao. Hapana. Kuleta picha ya barua kwenye WhatsApp hakuhitaji daraja la mto. Barua ikitoka ofisi ya elimu inakwenda kwa afisa elimu kata, kwa afisa elimu kata inakwenda kwa mkuu wa shule, kwa mkuu wa shule inakuja kwenye grupu. Mikono mitatu, yote ina simu janja. Ikiwa ni barua ya mchango wa mwenge, inafika siku hiyohiyo na saa mbili usiku unakumbushwa. Ikiwa ni takwimu za madawati zinatakiwa "leo kabla ya saa nane", zinafika. Ila barua yenye fursa ndani yake inalala. Inalala kwa sababu kuna majina yanatafutwa kwanza. Yakishapatikana, barua inaamshwa inatumwa kwa wote, ili kesho mkaguzi akiuliza aonyeshwe kwamba ilitumwa kwa wote.

Angalieni semina. Huu mkoa wetu hauna njaa ya miradi. Tanga ni miongoni mwa mikoa 9 ya Shule Bora, huo mpango unaofadhiliwa na Uingereza. BOOST, mradi wa elimu ya awali na msingi wa mkopo wa Benki ya Dunia, nao upo tangu 2022. Mtaala mpya umeanza Januari 2024, na mwalimu anayeufundisha lazima aelekezwe. Semina zipo basi. Lakini kwetu anayekwenda ni yuleyule. Akirudi kutoka ya hisabati anaitwa ya kusoma na kuandika, akitoka hapo anaitwa ya elimu jumuishi, na mimi ninayefundisha darasa la kwanza watoto waliobanana mpaka mlangoni naletewa "mrejesho". Mrejesho wenyewe hutolewa muda wa chai. Mwenzetu anafungua mkoba mpya wa semina, anatoa daftari, anasema "kwa kweli tulijifunza mengi", kengele inagonga, tumemaliza. Simlaumu sana. Kwa dakika zile hata mimi ningesema nini?

Na posho, naam, naitaja, tusijifanye watakatifu. Siku kadhaa za posho ya kujikimu kwa mwalimu wa kijijini ni bati za nyumba. Ndiyo maana majina yana wenyewe. Lakini hata ukiiondoa posho, mwalimu asiyepelekwa popote mwaka hadi mwaka anabaki anafundisha alivyofundishwa chuoni, na mtoto wa huku ndiye anayelipa.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ilishatengenezwa. Taasisi ya Elimu Tanzania inao MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Wazo lake zuri kabisa: mwalimu asisubiri kuitwa mjini, mafunzo yamfuate shuleni, walimu wakae kwenye jumuiya yao ya ujifunzaji, wachambue somo gumu pamoja, na moduli ziwepo kwenye mfumo wa mtandaoni. Hata vishikwambi tukapewa, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Nilifurahi, nasema ukweli. Kwetu jumuiya ya ujifunzaji imekuwa kupiga picha. Tunaambiwa tukae kwenye meza tatu, tuinamie vitabu, mmoja asimame ubaoni, picha zinatumwa kata, kata inatuma juu, tunaondoka. Kishikwambi changu kinashika mtandao nikisimama nyuma ya choo cha wavulana, na bando natia mwenyewe. Nimesoma moduli kadhaa nikiwa nimesimama pale, wanafunzi wananisalimia wakipita. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimefika moduli ya ngapi. Picha tu ndizo zinaulizwa.

Nilijaribu kuongea na afisa elimu kata. Mtu mzima, namheshimu. Akaniambia, "Mwalimu, wewe bado kijana, zamu yako itafika." Nikamwambia, sawa mzee wangu, zamu ni nzuri, naomba nione foleni. Nani yuko mbele yangu? Akaangalia saa.

Mnielewe, simtaki mtu afukuzwe kazi. Mkuu wangu wa shule anakaimu, hana ofisi, faili za shule zinalala kwake chini ya kitanda. Mzee wa watu akiletewa barua imechelewa naye anaituma imechelewa. Lakini tumekuwa na mabosi wengi, TAMISEMI ya serikali za mitaa huku, wizara ya elimu kule, Tume ya Utumishi wa Walimu tangu ile sheria ya 2015, mkurugenzi katikati, na kila ukiuliza unaambiwa hilo si letu. Mwalimu wa kijijini amekuwa mtoto wa baba wengi, anayelala na njaa. (Chama cha walimu kinachonikata mshahara kila mwezi nacho nitakifungulia uzi wake, leo nisichanganye mafaili.)

Kuna mtu atasema ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, andika barua uombe. Nimeisoma. Mkuu wa ofisi anapewa hadi siku 30 kukujibu. Tangazo lenyewe uhai wake ni wiki mbili. Nikiomba leo kwa mujibu wa sheria nijulishwe kama kuna nafasi, nitajibiwa kihalali kabisa kwamba ilikuwepo.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Nimesoma majibu yenu. Wa kwanza kasema "mwalimu wa kizazi hiki anasubiri kutafuniwa, ingia mtandaoni tafuta mwenyewe". Ndugu yangu, ninazoweza kutafuta natafuta. Nafasi za ajira zinawekwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, kila mtu anaziona. Ule mpango wa Fulbright wa kupeleka walimu wa lugha vyuo vya Marekani unatangazwa waziwazi. BAKITA wakitoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni wanatangaza. Hizo silalamikii. Nalalamikia barua za ndani, zinazotoka ofisi moja ya serikali kwenda nyingine, ambazo hata ningekuwa na intaneti ya Raskazone, pale Tanga mjini, nisingeziona: mpango wa mafunzo, majina ya semina, wasimamizi wa mitihani ya taifa, nafasi za kukaimu, marekebisho ya taarifa kabla ya kupandishwa madaraja. Hiyo ya mwisho inaumiza mpaka basi. Tuna watu ambao madaraja yao yalikwama tangu miaka ya uhakiki wa vyeti, wanaambiwa walete barua fulani kabla ya Ijumaa, na wanaambiwa Jumamosi.

Mwingine kaniuliza nataka nini hasa, isiwe kulia tu. Haki yako kuuliza. Nataka barua yoyote ya fursa kwa walimu ikigongwa muhuri wa kupokelewa, siku hiyohiyo ipigwe picha na masijala wenyewe, itumwe kwenye chaneli moja ambayo kila mwalimu wa halmashauri yupo, bila kupitia kwa mtu. Na orodha ya waliokwenda semina ibandikwe kwenye ule ubao wenye kufuli, jina, shule, semina, tarehe. Waitoe ile zabuni ya njano, nafasi itapatikana. Hiyo orodha pekee inatosha kumaliza nusu ya tatizo, maana hakuna atakayependa kulibandika jina lilelile mara ya tano mbele za watu. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Aliyesema nimtaje mkuu na kata yangu hapa hadharani: hapana. Mimi bado nina mkopo na watoto.

Na wewe uliyesema "hata huku Bagamoyo mambo ni hayohayo, na chuo tunakiona dirishani", nimecheka kwa uchungu. Njoo tuongee.

Sasa naomba msaada wa kweli. Kila mwalimu aliyepokea barua ya fursa ikiwa imepita siku aandike hapa chini tarehe tatu tu: ya muhuri, ya mwisho, na ya kukufikia. Majina ya shule na watu muyaache. Nitazipanga kwenye jedwali moja nizipeleke ofisi ya elimu mkoa, na nakala nitaibandika humu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Wa Kilindi na Bumbuli nawasubiri mpaka usiku wa manane, najua mtandao wenu unaamka watu wakilala.