Laki sita mkononi: i7 yenye RAM 4 au i5 yenye RAM 8?

MTOA MADA: Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu anaanza uhasibu chuoni, nina laki sita ya laptop. Jana nimezunguka Kariakoo, Aggrey yote, mpaka viatu vikaniuma. Duka moja kuna yenye prosesa ya Intel i7 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, la jirani i5 na RAM GB 8, zote used, bei sawa. Muuzaji wa i7 ananiambia, "Bosi, i7 ni i7." Na mimi nasimama hapo: prosesa ndiyo injini. Nani anabisha?

FUNDI: Nabisha, kaka. Kwanza hujataja kizazi cha prosesa, yaani ni toleo la ngapi. Soma namba inayofuata baada ya hiyo i7. i7-4600U ni kizazi cha 4, ya 2013, ina viini (sehemu zinazopiga kazi ndani ya prosesa) viwili tu. i5-8250U, kizazi cha 8, ya 2017, ina vinne. Stika haisemi hayo. Pili, Windows ikishawaka tu imekula kama nusu ya hiyo RAM 4. Dogo afungue Excel, Zoom na kurasa kumi za Chrome, kumbukumbu inajaa, mashine inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski. Kama diski ni ile ya kuzunguka, utaisikia inakwaruza huku mshale umeganda. Injini ya basi la mkoani umeifunga kwenye kibasi cha kipanya, abiria watapanda wangapi?

MHARIRI WA HARUSI: Inategemea kazi, jamani. Mimi nina RAM 16 na prosesa choka. Video ya send-off naiacha itoke usiku kucha, asubuhi ndiyo kwanza imefika asilimia 70.

DADA WA MBAGALA: Wote mnasahau kitu. RAM huongezwa, prosesa ya laptop mara nyingi imechomelewa kwenye ubao. Kwa hiyo nikachukua prosesa nzuri, nikajua RAM nitaongeza mwisho wa mwezi. Muuzaji kaapa, "Hii inaongezeka, dada." Nimeipeleka kwa fundi na kijiti cha RAM mkononi, kafungua kifuniko: RAM nayo imechomelewa, sloti ya kuchomeka nyingine hakuna. Kile kijiti ninacho kabatini hadi leo.

FUNDI: Pole, dada. Ndiyo maana nasema ifunguliwe palepale dukani, kabla hujatoa hela. Na kaka, kumbuka Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inakubali karibu za kizazi cha 8 kwenda juu tu.

MTOA MADA: Nimerudi leo. Ile i7 ni 4600U kweli, aibu yangu. Ile i5 ni 6300U, viini viwili, kizazi cha 6, ila ina sloti moja tupu.

FUNDI: Basi zote mbili ziache. Tafuta i5 ya kizazi cha 8, hata ikiwa na RAM 4, mradi sloti ipo. Umeionaje hiyo sloti?

MTOA MADA: Niliomba bisbisi. Amenipa, ila muda wote alinisimamia kichwani kama nimekuja kuiba.