Naombeni ushauri: nichukue vocha ya kodi, au nisubiri kurudi katika jengo letu likishakarabatiwa?

Mama Watatu: Wapendwa, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Ninaishi Marekani, katika jimbo la Kentucky, na mji wenyewe naomba nisiutaje. Tulifika tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwa miaka sita nimeishi na wanangu watatu katika apatimenti ya mamlaka ya nyumba, ambako ninalipa asilimia 30 ya kipato changu baada ya makato, yaani dola 540 kwa mwezi. Sasa tumearifiwa kwamba jengo letu linaingia katika RAD, mpango wa serikali wa kutengeneza nyumba za umma, litakarabatiwa, na sisi tutahamishwa kwa muda. Tumepewa nafasi ya kuchagua: kurudi baadaye, au kuchukua vocha ya Section 8, yaani ruzuku ya serikali inayolipa sehemu ya kodi, na kutafuta nyumba kwa mwenye nyumba binafsi. Mimi moyo wangu umeelekea kwenye vocha. Kikao ni Alhamisi, na usingizi umenipotea.

Chuma cha Pua: Dada, kwanza fahamu unachoingia. RAD ilianza 2012, kwa sababu fedha za serikali kuu hazikutosha kutengeneza mapaa na mabomba ya nyumba za umma. Jengo linahamishiwa kwenye mkataba wa ruzuku wa muda mrefu, na kwa mkataba huo linaweza kukopewa fedha za ukarabati. Mpangaji aliyekuwamo ana haki ya kurudi. Tena, ikiwa mkataba ni wa vocha zilizofungwa kwenye jengo, baada ya kukaa mwaka mmoja unaweza kuomba vocha ya kuhama nayo, ingawa huenda ukasubiri zamu. Kwa hiyo sielewi haraka yako ni ya nini.

Mzee wa Magomeni: Mwanangu, habari ya kuambiwa utarudi naijua. Hapa Dar es Salaam, Magomeni Kota, kaya 644 ziliondolewa, nyumba za zamani zikabomolewa, na majengo mapya yalizinduliwa Machi 2022, baada ya takribani muongo mzima. Jirani yangu mmoja alihama Mbagala, akahama Kigogo, akazeeka njiani. Alipopewa ufunguo alikwenda kwanza kuangalia kama mwembe wake bado upo. Haupo. Chukua hiyo vocha.

Mtumishi wa Bwana: Kwa miaka sita unalelewa na serikali ya watu. Je, hujafikiria kuweka akiba na kununua nyumba yako mwenyewe?

Chuma cha Pua: Mtumishi, dada ameuliza kuhusu vocha, sadaka tutaijadili siku nyingine. Na mzee, Magomeni ilibomolewa, ilhali hili linakarabatiwa. Ungetaja Chicago ningekuelewa, maana mpango wao wa nyumba za umma wa mwaka 2000 uliahidi nyumba 25,000 mpya au zilizokarabatiwa, maghorofa yakaangushwa, na wengi walioondolewa hawakurudi kamwe.

Dada Neema: Mama Watatu, mimi ni mkalimani, nawasindikiza wapangaji kwenye vikao kama hivyo. Mtu mwenye haki ya kurudi, mwenye watoto shuleni, hakimbilii vocha bila sababu. Vocha hutoa walau siku 60 za kutafuta nyumba, mwenye nyumba lazima akubali, na nyumba lazima ipite ukaguzi kwanza. Niambie bila kuogopa: nani mwingine analala humo?

Mama Watatu: Sikuona kama lina uhusiano.

Dada Neema: Lina uhusiano kuliko yote uliyoandika.

Mama Watatu: Basi. Mdogo wangu wa kiume amelala sebuleni kwangu kwa miezi 14. Anaendesha mashine ya kubebea mizigo ghalani, zamu ya usiku. Jina lake halimo katika mkataba, na wiki iliyopita nimeshatia saini fomu inayosema kaya yetu ni watu wanne. Ningefanyaje? Akiandikwa, na kipato chake kinachohesabiwa ni dola 2,400, kodi itatoka 540 hadi 1,260. Yeye ndiye anayemtumia mama yetu fedha kambini, na ndiye anayewaamsha watoto akitoka zamu, ninapokuwa kazini alfajiri. Ndugu hafukuzwi kwa sababu ya karatasi. Nilidhani nikienda kwa mwenye nyumba binafsi hakuna atakayehesabu vitanda.

Mpelelezi: Sasa nimeelewa kwamba tunasimuliwa hadithi. Kanuni za RAD zinakataza kumchuja upya mpangaji wa zamani, kwa hiyo hofu hii haina msingi. Pili, mapokezi ya wakimbizi Marekani yalisimamishwa Januari 2025; huyo mdogo wako alifikaje? Tatu, mji hauna jina. Mwandishi anakusanya maoni ya makala.

Mama Watatu: Nani kakwambia alitoka kambini? Alikuwa Iowa, katika kiwanda cha nyama, hadi mgongo ulipomshinda. Na mji sikuutaja kwa sababu hiyo hiyo unayoidhihaki.

Dada Neema: Mpelelezi umesoma nusu ya kanuni. Kutochujwa upya kunamaanisha kwamba hawawezi kukunyima nyumba wakati wa mabadiliko kwa kutumia vigezo vipya. Uhakiki wa kaya na kipato unaendelea palepale, kwenye jengo na kwenye vocha pia. Mama, vocha haikufichi. Idadi ya vyumba unavyoruhusiwa hutokana na watu ulioandika, na mkataba wa mwenye nyumba huorodhesha majina yale yale. Leseni ya udereva ya mdogo wako ina anwani gani?

Mama Watatu: Ya kwangu.

Dada Neema: Basi kabla ya Alhamisi nenda ofisi ya msaada wa kisheria, ambayo haitozi wenye kipato cha chini, ukiwa na fomu uliyosaini na mkataba wako. Usisaini kingine. Huenda ukatakiwa kulipa tofauti ya kodi ya nyuma, na mara nyingi inawezekana kuomba kuilipa kidogo kidogo. Lakini kujisahihisha mwenyewe na kukamatwa si kesi moja. Likishatulia hilo ndipo tuzungumze vocha. Au mdogo wako apange kwake, mkae mitaa miwili jirani.

Mtumishi wa Bwana: Nilihisi mapema kwamba kuna dhambi imefichwa.

Mama Watatu: Dada Neema, nimepata miadi ya kesho saa tatu asubuhi. Mdogo wangu nimemwambia, amenyamaza, kisha ameanza kukunja blanketi lake mchana huu kama mgeni. Hilo ndilo sikulitaka.

Mzee wa Magomeni: Pole, mwanangu. Hilo jengo likikarabatiwa, lifti wataiweka?